Bendi nane zilikufa ndipo Queen ikasimama, na wewe unakata tamaa na ya kwanza?

Hata kama wewe ni wa gengetone na amapiano na hujawahi kukaa chini kusikiliza roki, Queen unaijua. Ule mdundo wa kukanyaga mara mbili na kupiga kofi moja, unaosikika viwanjani kabla ya mechi, ni wao. Na kama uliitazama filamu ya Bohemian Rhapsody iliyotoka 2018, unakumbuka jinsi walivyokutana. Kijana mmoja anawafuata wanamuziki wawili kwenye maegesho ya magari. Mwimbaji wao ndiyo kwanza amewaacha. Kijana anawaimbia kidogo papo hapo, wanaangaliana, na kufumba na kufumbua wako jukwaani, mpiga besi naye ameshapatikana.

Tamu kweli. Lakini haikuwa hivyo, na ni vizuri ujue ilivyokuwa, hasa kama una bendi, kikundi cha densi, chaneli ya video au daftari la mashairi ambalo umekaribia kulitupa.

Sinema ina saa mbili tu, kwa hivyo hatuilaumu kwa kukata kona. Kona iliyokatwa, hata hivyo, ndiyo sehemu inayokuhusu wewe. Wale wanne walipokaa pamoja mwaka wa 1971, kila mmoja alikuwa ameshapitia bendi nyingine. Ukizihesabu zile zinazojulikana zaidi zinafika nane: The Hectics, Ibex, Sour Milk Sea, 1984, The Reaction, Smile, The Opposition na Deacon. Zote zilikufa. Hebu tuzipitie.

Mtoto wa Unguja aliyeketi nyuma ya piano

Tuanze na huyu aliyezaliwa hapa Afrika Mashariki. Freddie Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi, na baba yake alifanya kazi katika serikali ya kikoloni ya Waingereza. Akiwa na miaka minane hivi alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, India. Huko yeye na wenzake wanne wakaunda The Hectics, bendi ya shule ya kupiga nyimbo za watu wengine kwenye sherehe za shule.

Sasa sikiliza hii. Katika The Hectics, Freddie hakuwa mwimbaji mkuu. Aliyeimba mbele alikuwa mwenzake. Mtu ambaye leo anatajwa kila orodha ya sauti kubwa za roki inapoandikwa, alikuwa kando akicharaza piano.

Alirudi Zanzibar mwaka wa 1963. Januari 1964 yakaja Mapinduzi, na familia ikahamia Uingereza, katika mtaa wa Feltham karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Freddie alikuwa na miaka 17. Alisomea sanaa na uchoraji, akafanya vibarua pale uwanjani, akawa shabiki sugu wa Jimi Hendrix hadi akawa anamchora. Miaka ikapita bila bendi yoyote. Ni Agosti 1969, akikaribia kutimiza miaka 23, ndipo aliposimama mbele ya watu kama mwimbaji mkuu wa Ibex, bendi ya vijana wa Liverpool. Baada ya wiki kadhaa bendi ikabadilisha jina ikaitwa Wreckage, na kabla ya mwaka mpya kuingia ikawa imeshapoa.

Hakukaa kitako. Mapema 1970 alijibu tangazo la bendi iliyotafuta mwimbaji, Sour Milk Sea. Wakampokea. Baada ya miezi michache hiyo nayo ikasambaratika. Hesabu mwenyewe: bendi mbili ndani ya mwaka mmoja, zote chali. Msee wa siku hizi angekuwa ameshaandika kwenye wasifu wake kwamba amestaafu muziki.

Gitaa la mbao za meko

Brian May alikuwa mtoto wa London asiye na pesa za kununua gitaa la umeme lililotengenezwa Marekani. Mwaka wa 1963, yeye na baba yake Harold, aliyekuwa fundi wa mambo ya elektroniki, wakaanza kujitengenezea lao nyumbani. Shingo ya gitaa waliichonga kutoka mbao za meko kuukuu ya kuotea moto. Springi zilitoka kwenye pikipiki. Vile vidoto vya kuonyesha vidole viende wapi vilikuwa vifungo vya mama yake. Kazi ilichukua karibu miaka miwili. Gitaa lile ndilo unalolisikia kwenye albamu za Queen, na analo hadi leo. Analipiga kwa sarafu ya peni sita badala ya kile kiplastiki cha kawaida.

Akiwa bado shuleni aliunda bendi na rafiki yake Tim Staffell. Waliiita 1984, kwa jina la riwaya ya George Orwell. Mnamo Mei 1967 bendi hiyo ya wanafunzi ilipata nafasi ya kutangulia jukwaani kabla ya Hendrix mwenyewe, katika chuo cha Imperial alikokuwa Brian akisomea fizikia. Ungedhani hapo ndipo mambo yangelipuka. Wapi! Mwaka uliofuata Brian aliondoka ili apate muda wa masomo, na 1984 ikaishia hapo.

Roger Taylor naye alikulia Truro, mji mdogo ulioko Cornwall, pembeni kabisa mwa Uingereza. Bendi yake ya ujana iliitwa The Reaction. Walizunguka kumbi za vijiji na miji ya huko, na 1966 wakashinda shindano la bendi za Cornwall. Roger alikuwa mpiga drams, kisha akaanza kuimba pia huku akipiga. Mwaka wa 1967 alienda London kusomea udaktari wa meno. Ndiyo, meno! Baadaye aliachana na meno akahamia biolojia.

Mwaka wa 1968 Brian na Tim walibandika tangazo kwenye ubao wa chuo wakitafuta mpiga drams. Rafiki wa Roger akaliona, Roger akaitwa, na hivyo ikazaliwa Smile. Hawa walifika mbali zaidi ya wengine wote: 1969 walipata mkataba na kampuni ya Marekani na kutoa singo. Singo ikauzwa Marekani peke yake, na huko haikununuliwa. Tim akachoka. Mwaka wa 1970 akahamia bendi nyingine, na Smile ikafa.

Yule kijana wa piano je? Yeye alikuwa mwanafunzi mwenzake Tim katika chuo cha sanaa cha Ealing. Alikuwa akiifuata Smile kila mahali na kuwaambia wavaeje na wasimameje jukwaani. Yeye na Roger walikuwa na kibanda cha kuuza nguo katika soko la Kensington. Hakukuwa na kuokotana kwenye maegesho ya magari. Walikuwa wamejuana, wameuza mitumba pamoja, na wameona bendi za kila mmoja zikianguka.

Kijana kimya aliyekuja mwisho

Wa nne ni John Deacon wa Leicester, aliyezaliwa 1951, mdogo kuliko wote. Alisambaza magazeti alfajiri ili apate pesa za gitaa. Akiwa na miaka 14 alikuwa katika bendi ya mtaani iliyoitwa The Opposition. Alianza kwa gitaa la kawaida. Mpiga besi wao alipofukuzwa, John akachukua nafasi yake. Hivyo ndivyo alivyopata chombo kilichomfanya ajulikane: pengo lilitokea, yeye akaliziba.

Mwaka wa 1969 alienda London kusomea elektroniki katika chuo cha Chelsea. Huko akajaribu kuunda bendi iliyobeba jina lake, Deacon. Ilipiga shoo moja tu. Moja! Mwaka wa 1970 aliwaona Queen wakipiga, na baadaye alisema kwamba hawakumvutia kivile. Queen wenyewe walikuwa wakihangaika: walibadilisha wapiga besi watatu kabla ya kumpata yeye mapema 1971. Alikuwa na miaka 19. Digrii yake nayo aliimaliza na kupata daraja la kwanza.

Kutoka hapo bado njia haikuwa lami. Walipata kurekodi bure kwa kukubali kujaribu vifaa vipya vya studio moja iliyokuwa ikifunguliwa. Albamu yao ya kwanza waliirekodi katika saa ambazo wasanii wanaolipa hawakuwa wakitumia studio, mara nyingi usiku wa manane. Ilitoka tarehe 13 Julai 1973. Singo yake ya kwanza haikuingia hata kwenye chati. Kibao chao cha kwanza kuvuma kilikuja 1974.

Maiti za bendi zinarithiwa

Kwa nini tunakusimulia haya yote? Kwa sababu ukiangalia vizuri, Queen haikutoka hewani. Ilirithi.

Tazama kile kijiti cha maikrofoni cha Freddie, kile kisicho na miguu alichokizungusha jukwaani hadi mwisho. Wenzake wa Wreckage wamesimulia kwamba stendi ilikatika mikononi mwake wakiwa katikati ya shoo, naye akaendelea na kipande kilichobaki. Sauti ya juu kabisa unayoisikia kwenye nyimbo za Queen mara nyingi ni ya Roger, aliyejifunza kuimba akipiga drams kwenye kumbi za Cornwall. Nembo ya bendi, yenye simba wawili, kaa na wale malaika wadogo wawili wa kike, ilichorwa na Freddie kwa ujuzi wa chuo cha sanaa. John alichukua kipande cha elektroniki kilichotupwa jalalani akakigeuza kuwa amplifaya ndogo, na Brian akaitumia kurekodi magitaa yake kwa miaka mingi. Hata albamu ile ya kwanza ina wimbo ulioandikwa enzi za Smile, na jina la Tim Staffell limeandikwa pale kama mtunzi mwenza.

Hata John, aliyekuja wa mwisho na hakuongea sana, ndiye aliyeandika wimbo wa Queen uliouza mno Marekani mwaka wa 1980, unaobebwa na gitaa la besi. Ni besi ileile aliyoishika kwa sababu tu mwenzake alifukuzwa kwenye bendi ya watoto wa shule.

Kwa hivyo unaposema, "kikundi chetu kilivunjika, nilipoteza miaka mitatu," jiulize kwanza ulitoka na nini. Ulijifunza kurekebisha spika? Ulijifunza kuhesabu mapato ya mlangoni bila kugombana? Ulijua nani huja mazoezini mvua ikinyesha na nani hutuma sauti kwenye WhatsApp kwamba yuko njiani? Huo ni mtaji, na hakuna atakayekunyang'anya.

Wao walianguka gizani, wewe unaangukia mwangani

Lakini tusidanganyane. Kuna tofauti moja kubwa kati yako na wao, na ni lazima tuitaje.

Ibex ilipoyumba, waliona watu waliokuwa ukumbini, basi. Hakuna aliyekuwa na simu mfukoni. Deacon ilipopiga shoo yake moja ikazimika, hakuna aliyeikata sekunde kumi na tano akaziweka mtandaoni ziwe kichekesho cha wiki. Walipewa miaka ya kuwa wabaya bila kushuhudiwa na dunia nzima.

Wewe unaposti jaribio lako la kwanza saa mbili usiku, na kufikia saa tatu umeshahukumiwa. Watazamaji 40, maoni mawili, moja la binamu yako na jingine la mtu anayekuambia urudi shule. Kesho yake unafuta. Halafu unafungua video ya mtu aliyefanya kazi hiyo miaka kumi na unajilinganisha naye. Hiyo si haki, na anayejinyima haki hiyo ni wewe mwenyewe.

Ushauri wetu ni mwepisi: si kila kitu lazima kionekane. Tafuta chumba kisicho na kamera. Pigeni vibaya huko. Imba nyimbo za wengine kama The Hectics walivyofanya, hadi uelewe zimejengwaje. Badilisheni jina mara mbili mkitaka. Mkiwa tayari, ndipo muwashe simu.

Si kila mtu atakuwa Freddie

Kuna msomaji ambaye ameshaanza kunung'unika: "Bana, kwa kila Queen kuna bendi elfu zilizokufa na hazikuzaa chochote." Ni kweli kabisa. Bidii haina risiti ya uhakika. Katika vijana wote waliopita ndani ya bendi hizo nane, ni wanne tu waliofika walikofika. Wenzao wengi walirudi kwenye maisha ya kawaida.

Lakini mwangalie Tim Staffell. Aliondoka kwenye Smile mwaka uleule ambao mambo yangeanza kubadilika. Ungedhani alimaliza maisha akijuta. Alijitengenezea riziki katika usanifu na utengenezaji wa vifaa vidogo vya filamu na televisheni, hakuacha muziki moja kwa moja, na filamu ya 2018 ilipotengenezwa alirudi studio na Brian na Roger kuurekodi upya ule wimbo wao wa zamani. Huyo si mtu aliyeshindwa. Ni mtu aliyechukua njia nyingine, na jina lake lilibaki kwenye kazi yake. Hapo kuna somo la bure: hata mkiachana, hakikisheni kila mliyeandika naye jina lake limo.

Tena angalia kwamba hakuna kati ya hao wanne aliyetupa vitabu ili awe staa. Mmoja alikuwa na fizikia, mwingine biolojia, mwingine elektroniki, mwingine uchoraji. Brian alifundisha hisabati katika shule moja ya London bendi ikiwa bado changa. Alipoacha utafiti wake wa udaktari kuhusu vumbi lililoko kati ya sayari, baba yake, yuleyule aliyemsaidia kuchonga gitaa, hakufurahi hata kidogo. Brian alirudi akaumaliza mwaka wa 2007, zaidi ya miaka 30 baadaye. Kwa hivyo ukiambiwa uchague leo hii kati ya cheti na gitaa, jibu kwamba kuna watu waliobeba vyote viwili. Inachosha, lakini inawezekana.

Neno kwa wakubwa

Tukimalizia hapa tutakuwa tumewatwika vijana mzigo wote, na hilo si sawa. Zile bendi nane hazikuishi kwa bidii ya vijana peke yao. Kulikuwa na shule iliyokubali piano ipigwe roki. Kulikuwa na vyuo vyenye kumbi na ubao wa matangazo. Wanafunzi wengi wa Uingereza wakati huo walisoma kwa ruzuku ya serikali, kwa hivyo jioni zao hazikuwa zote za kusaka nauli. Na shoo ya kwanza kabisa ya kina Freddie, Brian na Roger, tarehe 27 Juni 1970 huko Truro, ilipatikana kwa sababu mama yake Roger aliiandaa ili kuchangia Msalaba Mwekundu. Waliitwa kama Smile, wakapanda wakiwa bendi nyingine.

Mama mmoja, ukumbi mmoja, jioni moja.

Mtaani kwenu kuna ukumbi wa kijamii uliofungwa kwa kufuli siku sita kwa wiki. Kuna darasa linalobaki tupu kuanzia saa kumi. Kuna kanisa lenye vyombo vinavyofunikwa kwa shuka Jumatatu hadi Jumamosi. Wakubwa wenye funguo hizo, tunawaomba jambo dogo: fungueni jioni moja kwa mwezi, mtoze ada ndogo ya umeme, muweke mtu wa kusimamia, halafu muwaache vijana wapige kelele. Nyingi zitakuwa kelele tu. Hata The Reaction na The Opposition walianza hivyo.

Nawe kijana, usingoje mpaka mlango ufunguke wenyewe. Andikeni barua, mtaje majina yenu, siku mnayotaka, saa mtakayomaliza na nani atafagia. Nendeni wawili, mmevaa vizuri, mkamwone msimamizi. Akikataa, nendeni kwa wa pili.

Tarehe 13 Julai 1985, miaka 12 kamili tangu albamu yao ya kwanza itoke, Queen walipanda jukwaa la Wembley mbele ya watu wapatao 72,000, katika tamasha la kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia. Walikuwa na dakika 20 hivi. Freddie alikimbia jukwaani na kile kijiti cha maikrofoni kilichokatika, Brian akiwa na gitaa la meko. Dunia ikasema imeona muujiza. Waliokuwa Bolton, Truro na Leicester zamani hizo walijua umepikwa wapi.

Mazoezi ni lini?